FUNDI WA NYUMBANI: Nati Inayozunguka Bila Kufunguka

Miongoni mwa taabu zinazomkuta mtu anayejaribu kulitengeneza gari lake mwenyewe, hapana inayoudhi kama nati iliyokubali kuzunguka ikakataa kufunguka. Nati iliyoshikwa na kutu husema wazi kwamba haitaki, na mtu hujua kuwa yafaa aongeze mafuta, au urefu wa spana, au subira. Lakini nati inayozunguka pamoja na bolti yake humdanganya mwenye spana. Mkono waenda, spana yaenda, jasho lamtoka, na baada ya nusu saa nati iko pale pale ilipokuwa.

Jambo hili lilimfika konstebo mmoja wa polisi nyumbani kwake Midia, katika wilaya ya Koboko, Jumamosi moja ya msimu wa mvua. Gari lake ni Toyota Corolla ya mwaka 2002, lenye usukani wa kulia, lililopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia yeye. Barabara kuu itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, kilomita 92, ina lami, na juu ya lami hiyo gari lilikuwa likienda kimya. Lakini kila lilipoacha barabara kuu na kuingia njia ya udongo mwekundu ya kwenda kwake, lilianza kugonga mbele upande wa kushoto, kama mtu abishaye hodi. Jumatatu ilimpasa kumpeleka mama yake mzazi katika hospitali ya rufaa ya Arua, kwa miadi ya macho iliyokuwa imengojewa kwa muda mrefu. Mama huyo ni mtu mzima, hawezi kupanda pikipiki, na kukodi gari kwenda na kurudi kungekula sehemu kubwa ya mshahara. Kwa hiyo konstebo alinunua linki mbili mpya mjini Koboko, akaazima spana kwa jirani, akalisimamisha gari chini ya mwembe.

Linki, kwa wasiopata kuitazama, ni kijiti kifupi cha chuma kinachounganisha shokapu na fito ndefu ya kulisawazisha gari, ile ambayo mafundi huiita stabilaiza. Kila mwisho wa linki una mguu wenye hesi, yaani stadi, ambao hupita tunduni na kukazwa kwa nati. Upande wa ndani, stadi hiyo huishia katika gololi iliyokaa ndani ya kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa mpira. Gololi imewekwa ili izunguke kila upande, kwa maana gurudumu likipanda na kushuka, linki haina budi kugeuka pamoja nalo. Hapo ndipo penye asili ya matata. Kitu kilichoundwa ili kizunguke hakiwezi kukaa kimya mtu anapokizungusha kwa spana. Tena linki iliyochakaa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu gololi yake imekwisha kulegea, hali nati yake imekwisha kushikwa na tope na kutu.

Madereva wa zamani hawakuijua sana adha hii. Land-Rover za jeshi na malori ya miaka ya 1960 na 1970 yalikaa juu ya springi za mapande, zilizofungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Yubolti ina miguu miwili, na mguu mmoja humzuia mwenziwe. Hata nati ikaze namna gani, bolti haina njia ya kuzunguka. Itakatika, au itafunguka, basi. Magari madogo ya siku hizi ni laini zaidi kwa abiria, lakini yamejaa viungo vya gololi. Aidha mengi huletwa yakiwa yametumika Japani, ambako sehemu za baridi humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula vyuma vya chini. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa kwake, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yapo, na kutu yao ipo.

Konstebo aliinua upande wa kushoto kwa jeki, akatoa gurudumu, akatia spana. Nati ya juu ilikubali mizunguko miwili kwa wepesi, akafurahi. Mzunguko wa tatu ukawa mzito. Wa nne, stadi yenyewe ikaanza kuzunguka pamoja na nati. Mkewe, aliyekuwa akimshikia tochi kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda, alitazama kwa kitambo kisha akasema, “Baba watoto, mimi nikifungua kopo la asali, mkono mmoja hushika kifuniko na mwingine hushika kopo. Wewe kopo umemwachia nani?”

Naam, mwenye nyumba alikuwa ameiona siri yote. Mwundaji wa linki naye aliijua, ndiyo maana kwenye ncha ya stadi aliacha tundu dogo la pembe sita. Tundu hilo ni mahali pa kushikia kopo. Katika magari mengi ya Toyota nati ni ya milimita 14 au 17, na tundu ni la milimita 5 au 6. Anayefungua hutia spana ya ringi kwenye nati, kisha hupitisha alenki katikati ya ringi mpaka tunduni. Alenki haigeuzwi, bali hushikwa isigeuke, na spana ndiyo itembeayo. Linki nyingine hazina tundu, ila zina bapa mbili nyuma ya kiungo, ambazo hushikwa kwa spana nyembamba. Yafaa kutazama kabla ya kuanza.

Kosa la konstebo halikuwa kukosa alenki. Alikuwa nayo. Kosa lake lilikuwa kuitumia akiwa amechelewa, na bila kusafisha. Tundu lilikuwa limejaa udongo uliokauka kama tofali, kwa hiyo alenki iliingia kidogo tu, ikashika ukingo, ikateleza, ikaula ukingo huo mpaka tundu la pembe sita likawa duara. Lingekwanguliwa kwanza kwa msumari mwembamba, alenki ikagongwa kwa nyundo ndogo hadi mwisho wake, huenda kazi ingekwisha saa hiyo. Vilevile hesi zilizotokeza nje ya nati zilikuwa na kutu, na hazikupigwa brashi. Nati inapotoka hupanda juu ya hesi hizo hizo chafu. Ile mizunguko miwili ya mwanzo iliyomfurahisha ilikuwa ikiiburuta nati kuelekea kwenye uchafu. Brashi ya waya kwa dakika tano, mafuta ya kulegeza kutu, na kungoja, ni kazi isiyo na sifa, lakini ndiyo kazi yenyewe. Asiyekuwa na mafuta hayo hutumia dizeli au mafuta ya taa, ambayo hufanya kazi polepole zaidi na hutaka usiku mzima. Mafuta ya breki yasitumiwe, kwani hubambua rangi.

Alikuwa amejilaza ubavu chini ya gari, akivuta spana kwa mikono miwili, ndipo mzee wa jirani alipopita. Mzee huyo alipata kuwa dereva wa jeshi, na sasa umri wake umepita miaka 70. Hakuuliza habari za nati.

“Mwanangu, toka chini kwanza.”

“Mzee, nakaribia kumaliza.”

“Toka. Nati itakungoja.”

Gari lilikuwa limesimama juu ya jeki peke yake, katika udongo uliolowa mvua ya alfajiri. Jeki ilikuwa imekwisha kuzama upande mmoja kiasi cha upana wa kidole, na kila konstebo alipoivuta spana, gari lilitikisika. Pale ndipo penye hatari ya nati inayozunguka ambayo watu hawaifikirii: humtia mtu hasira, na hasira humfanya avute kwa nguvu asizozitumia akiwa na akili timamu, akiwa chini ya uzito wa zaidi ya tani moja. Mzee aliagiza ubao mpana uwekwe chini ya jeki, na vigogo viwili vinene vya mti viwekwe chini ya mwili wa gari mahali palipo imara, na gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari. Magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Matofali ya kuchoma, ambayo yalikuwa yamepangwa hapo karibu kwa ajili ya ujenzi, aliyakataa. Tofali hubeba ukuta kwa miaka, lakini chini ya ncha ya chuma hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Kisha aliagiza upande wa kulia nao uinuliwe. Fito ya stabilaiza huunganisha magurudumu mawili ya mbele. Gurudumu moja likining'inia na jingine likiwa chini, fito hubaki imejipinda, na linki huvutwa kwa nguvu wakati wote. Pande zote mbili zikiwa sawa, fito hulegea, na stadi hutoka tunduni kwa mkono.

Mzee alikuwa na dawa yake ya zamani. Katika viungo vya usukani na boljointi za mkono wa chini, stadi si mviringo ulio sawa. Imechongwa kama pia, nene huku na nyembamba kule, ikakaa katika tundu lenye umbo hilo hilo. Maadamu imebanwa tunduni haizunguki. Lakini fundi asiye na subira huanza kwa kuigonga itoke, na ikiisha kulegea huikumbuka nati, na hapo stadi na nati huzunguka pamoja mpaka magharibi. Utaratibu ulio sahihi ni kinyume chake: pini ya kufuli hutolewa, nati hufunguliwa karibu yote stadi ingali imebanwa, kisha ndipo kiungo kigongwe. Aliyekwisha kukosea huweka jeki chini ya boljointi na kuiinua kidogo, uzito wa gari uisukume pia irudi tunduni, ibanwe tena.

Stadi ya linki, hata hivyo, haina umbo la pia, na dawa hiyo haikuifaa. Mzee aliligundua hilo baada ya kupapasa kwa kidole, akacheka, akaomba mtaimbo. Ncha ya mtaimbo ilitiwa kati ya shokapu na linki, mke wa konstebo akaulalia kwa uzito wake, gololi ikakandamizwa kikombeni isigeuke. Konstebo akavuta. Nati ilikwenda mizunguko mitatu, wote wakapaza sauti, kisha stadi ikazunguka tena. Jua lilikuwa limekwisha kutua. Mzee akapaka mafuta, akasema tuonane kesho.

Usiku ule konstebo alifikiri kuliacha gari na linki yake mbovu, aende hivyo hivyo. Kwa linki, fikira hiyo si ya wazimu: gari lenye linki mbovu hugonga na huinama zaidi kwenye kona, lakini kwa mwendo wa pole hufika. Boljointi iliyolegea haina msamaha huo. Ikichomoka, gurudumu hulala, na usukani hauna kazi tena. Lakini linki hii sasa ilikuwa imefunguliwa nusu, na nati iliyofunguliwa nusu hakuna ajuaye itaanguka wapi.

Jumapili baada ya ibada walikata. Linki ilikuwa ya kutupwa, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuihurumia. Mpira wa kiungo ulichanwa, stadi ikashikwa nyuma kwa koleo la kubana lililofungwa barabara; jambo hili lisifanywe kwa linki itakayorudishwa, kwani meno ya koleo huacha makovu na mpira uliochanika huingiza maji. Nati ikakatwa kwa msumeno wa chuma, si kwa kuizunguka, bali ubavuni mwake kwa urefu wa stadi, mpaka karibu na hesi. Kisha tindo na nyundo, mapigo mawili, nati ikapasuka kama karanga. Kazi yote ilichukua dakika 25 na msumeno mmoja. Moto wa gesi haukutumiwa, na ni vema, maana pale pana mpira wa breki, grisi, na springi ambayo ikipashwa moto hupoteza ugumu wake.

Upande wa kulia ulipigwa brashi kwanza, ukapakwa mafuta, tundu likasafishwa kwa msumari. Spana ikaenda mbele nusu mzunguko, ikarudi robo, ikaenda tena. Nati zote mbili zilitoka nzima kabla chai haijapoa.

Mafanikio yana vishawishi vyake. Kwa kuwa magurudumu yalikuwa nje, konstebo aliona ni vema kubadili na shokapu ya kushoto, ambayo jirani alikuwa na nyingine iliyotumika kidogo. Alifungua boneti akaona nati moja kubwa katikati, na nati tatu ndogo zikiizunguka. Aliweka spana kwenye ile ya katikati. Ilizunguka, na mti wa shokapu ukazunguka nayo, akaita aletewe alenki kubwa. Mzee alimkamata mkono.

Shokapu ya aina hii, iliyobuniwa na injinia wa Marekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, imevikwa springi nene iliyogandamizwa. Nati ile ya katikati ndiyo pekee inayoizuia springi isifyatuke. Inapozunguka bila kufunguka, huwa imemwokoa mtu. Ikifunguka hali springi haijabanwa kwa vifaa vyake vya kubania, hutoka pamoja na kifuniko cha juu kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kuua. Waya wa kufungia na kamba za katani si vifaa vya kubania. Anayebadili shokapu hufungua zile nati tatu za pembeni na bolti za chini, huitoa shokapu nzima na springi yake, na kuipeleka kwa fundi mwenye vifaa. Na hata huko, mti wa shokapu ukizunguka, usishikwe kwa koleo. Ule mng'ao wake ndio unaopita katika sili ya mafuta kila siku, na mkwaruzo mmoja hukata sili hiyo, nayo shokapu mpya huvuja ndani ya wiki chache. Hushikwa juu, kwenye bapa au tundu lililowekwa kwa kazi hiyo. Shokapu ya jirani ilirudishwa kwa jirani.

Yako mengine ya jamii hii yasiyomfika konstebo siku ile. Bolti ya mkono wa chini pengine huingia katika nati iliyochomelewa ndani ya chasisi, mahali mkono haufiki. Mchomeleo ukiachia, bolti huzunguka na sauti ya kugongagonga husikika ndani. Hapo mtu aache mara moja. Bisibisi pana ikitiwa chini ya kichwa cha bolti na kukiinua, huenda nati ikajibana ukutani na kufunguka. La sivyo ni kazi ya mchomeleaji kutoboa dirisha dogo, kuishika nati, na kuliziba tena. Bolti ipitayo katika bushi nayo hushikana kwa kutu na bomba la ndani, vikazunguka pamoja hadi mpira ukachanika. Bushi ikiwa nzima, hasara hiyo huepukwa kwa mafuta na kungoja. Na wakati wa kurudisha, bolti za bushi hukazwa mwisho kabisa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, ili mpira usibaki umepindwa maisha yake yote.

Linki mpya zilitiwa Jumapili alasiri. Vitu vyote vilikuwa vimepangwa juu ya gunia kwa utaratibu wa kutolewa, kama askari anavyofundishwa kupanga vipande vya bunduki, ila nati moja mpya iliyoangukia majanini ikapotea. Watoto waliitafuta mpaka giza. Mahali pake, upande wa kulia, ilitiwa ile nati ya zamani iliyotoka nzima. Mke wa konstebo alileta rangi yake ya kucha, akachora mstari mwekundu juu ya kila nati kuvuka mpaka kwenye stadi, kwa agizo la mzee.

Jumatatu waliondoka Midia alfajiri, mama amekaa mbele. Njia ya udongo ilikuwa kimya chini yao. Walipofika hospitalini na mama kuketi kwenye benchi kungoja jina lake, konstebo alirudi garini, akageuza usukani, akainama na tochi. Mistari miwili ya kushoto ilikuwa imenyooka. Wa chini kulia pia. Wa juu kulia, kwenye nati ya zamani, ulikuwa umekatika. Nusu yake ilikuwa imesogea upana wa punje ya mchele. Aliikaza kwa spana na alenki, akafuta mikono, akauliza njia ya kwenda kwenye maduka ya vipuri kutafuta nati mpya moja ya aina ile ile kabla mama hajatoka kwa daktari.